Shingo si gari, hakuna kubadilisha spea

Kuna swali huwa linaniudhi. Mtu amefanyiwa operesheni ya shingo, miezi mitatu imeisha, halafu binamu anamuuliza: "Si ulishatengenezwa? Mbona bado unalia shingo?" Na kwa sababu alichanga mia tano, anajiona ana haki ya kuuliza.

Wasee, shida inaanzia kwa grupu ya mchango. Tunaandikiwa ati "mifupa imeota shingoni, inatolewa," na sisi tunafikiria ni kama kung'oa jino. Lakini hivyo vichomozo vya mfupa ni kawaida sana. Diski zikichakaa, mfupa unajiongezea pembeni. Piga eksirei shingo za wazee wa mtaani kwenu, utaviona kwa wengi, na kuna wale hawaumwi popote. Balaa ni vikibana neva ya kwenda mkononi, ama ile kamba kubwa ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo.

Mara nyingi daktari anapitia mbele ya shingo, anatoa diski na kichomozo kinachobana, anaweka kipande cha mfupa ama kifaa hapo katikati, kisha anakaza na bamba na skrubu ili pingili mbili ziungane ziwe mfupa mmoja. Kuungana kwenyewe ni kazi ya miezi, na sigara huiharibu. (Wewe unayemletea mgonjwa "moja tu", ndio, nakuongelea wewe.)

Sasa kile watu hawaambiwi: hii operesheni husaidia mkono kuliko shingo. Yale maumivu ya kama stima hadi vidoleni mara nyingi hupungua vizuri. Ya shingo yenyewe, usiahidi mtu. Kama ile kamba ilikuwa imebanwa, lengo la kwanza ni hali isizidi kuharibika. Na miaka ikienda, pingili jirani nazo zinaweza kuchakaa, ziote vichomozo vyao.

Angalia Peyton Manning, yule wa mpira wa Kimarekani. Aliunganishwa pingili za shingo Septemba 2011, akakosa msimu mzima, na Februari 2016 akashinda Super Bowl na Denver Broncos. Hapo utasema alipona kabisa. Lakini mwaka wa 2015 alisema bado hana hisia kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia. Na huyo alikuwa na pesa na madaktari wote anaotaka.

Kwa hivyo mzazi akianza kuangusha vikombe, akishindwa kufunga vifungo vya shati, ama akitembea kama amelewa na hajaonja kitu, tafadhali msimpeleke kukandwa wala kuvunjwa shingo. Huyo ni wa hospitali, na ni haraka, kwa sababu neva ikibanwa muda mrefu inaweza kukosa kurudi.

Na kama daktari amesema ni kisu, muulizeni: hii ni ya kutibu mkono, shingo, ama kuzuia isizidi? Jibu liwekwe kwa grupu kabla ya namba ya paybill.