Miguu Imekufa, Mtu Yu Hai

Vijana wetu huanguka kutoka minazini na miembeni. Wengine huvunjika juu ya bodaboda. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asisimame tena. Jamaa zake humwuguza kwa mapenzi, kisha humtandikia kitanda katika chumba cha ndani, na wageni wakija mlango hufungwa. Sisi twasema wazi: huruma ya namna hiyo ni kifungo.

Ndugu wasomaji, wako waliokuwa na desturi kama hiyo wakaiacha. Huko Uingereza, kabla ya Vita Kuu ya Pili, mtu aliyepooza kwa kuvunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa maiti anayengoja siku yake. Wengi waliuawa na vidonda vya kulala na maradhi ya kibofu. Mwezi wa Februari, 1944, Dr. Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, alikabidhiwa wadi ya majeruhi wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kisha akawatoa vitandani, akawapa kazi za mikono na michezo.

Wako wasemao kuwa michezo ni anasa, mgonjwa apewe dawa na chakula, yatosha. Hawa hawajafikiri. Asiyeweza kutumia miguu huishi kwa mikono. Kuvuta upinde hutia nguvu mabega na humzoeza mtu kuketi wima bila kuanguka. Kwa nguvu hiyohiyo atajihamisha kutoka kitandani hadi kitini, atasukuma magurudumu mpaka sokoni, atafanya kazi yake. Tena uwanjani mpinzani hamwonei huruma. Mtu aliyechoka kuitwa “maskini” hapo huitwa kwa jina lake, akishinda ni kwa jasho lake, akishindwa hurudi kujaribu kesho.

Tarehe 29 Julai, 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 waliolemaa, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga shabaha kwa mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Mwaka 1960 walikusanyika Roma wachezaji wapatao 400 kutoka nchi 23. Mwaka 1972 huko Heidelberg, Kenya nayo ilikuwamo. Basi asitokee mtu wa kutuambia kuwa jambo hili ni la Wazungu peke yao.

Sheria tunayo. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Lakini sheria haisukumi kiti mchangani. Hiyo ni kazi yetu. Kila kiwanja kiwe na njia ya kupita magurudumu. Mafundi baiskeli watengeneze viti vinavyoharibika. Walimu wa michezo wapange siku ya watu hawa, kwa shauri la mganga. Na viongozi wa mitaa waende nyumba kwa nyumba, waulize bila haya: nani yumo chumba cha ndani?

Wala tusiite kazi hii sadaka. Sadaka hutolewa kwa hiari, na mtoaji akichoka huacha. Mwananchi aliyevunjika mgongo haombi. Anadai nafasi yake miongoni mwetu. Mlango tuliufunga sisi, nasi ndio wa kuufungua.