Usiku wa Mwisho Tule Mwaloni

Wanachuo wenzangu, mkijichanga na ndugu zenu mkawapeleka wazazi Hifadhi ya Rubondo, msiache chakula cha usiku wa mwisho kiamuliwe na chenji iliyobaki. Familia nyingi ndivyo zinavyofanya: hela yote inaishia kwenye boti na viingilio, halafu mnagawana chipsi kavu, eti kesho tuna safari. Mzee akirudi nyumbani, habari za sokwe (wale ambao wazee wao waliletwa kutoka Ulaya kuanzia 1966) atazisimulia mara moja, mbili. Mlo wa mwisho ndio atakaourudia miaka yote. Hela yake itengwe kwanza, kabla hata ya nauli.

Na mkishuka boti Muganza, kwetu Chato, msikimbilie hoteli. Huko kila mtu atapewa sahani yake na atainamia simu yake. Kaeni mwaloni. Agizeni sato mzima wa kuchoma, ugali wa muhogo, ndimu na pilipili, sinia moja. Mama ntilie mwambieni mapema, maana samaki wazuri hawangoji. Mkiweza, chagueni siku zisizo na mbalamwezi: ndipo wavuvi wa dagaa wanapotoka na taa zao, na ziwa linawaka kama mji.

Jambo moja silitanii: mama asiguse sufuria. Likizo zote yeye ndiye anayepika. Samaki achague yeye, akae, aletewe. Atasema chumvi imepungua. Mwacheni aseme.