Fomu Isiyofunguka Si Kosa la Mwombaji



Kijana wa Likasi anayetafuta masomo ng'ambo huanzia kwenye simu, kwa kuwa ndiyo kompyuta aliyonayo. Anapakua fomu ya PDF, anaifungua, na badala ya nafasi ya jina na tarehe ya kuzaliwa anakuta ukurasa unaomwomba asubiri. Anasubiri. Ukurasa hautabadilika hata akikesha, maana hakuna kinachopakiwa: programu ya simu yake haiwezi kuisoma fomu hiyo, na ombi lile ndilo pekee inaloweza kuonyesha. Mega alizonunua zimeliwa bure.

Kwenye kibanda cha kuchapisha ataambiwa simu yake ni mbovu. Si kweli.

Fomu za PDF za kujaza ni za aina mbili, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. AcroForm imo ndani ya PDF tangu 1996 na husomeka karibu kila mahali. XFA ilibuniwa na JetForm, kampuni ya Canada ambayo baadaye ilinunuliwa na Adobe, ikaingizwa katika PDF mwaka 2003. Kwa hakika ni mfumo mwingine kabisa uliotiwa ndani ya bahasha ya PDF. Preview ya Mac haiufungui, wala visomaji vingi vya simu. Firefox ilianza kuusoma mwaka 2021 tu. Kiwango cha kimataifa cha PDF 2.0, kilichotoka 2017, kimekwisha kuutangaza kuwa umepitwa na wakati.

Lakini fomu zake bado zinatolewa. IMM 1294, ya kuombea kibali cha masomo Canada, imekuwa ikidai Adobe Reader toleo la 10 au la juu zaidi. Kwa Linux, Adobe iliishia toleo la 9 mwaka 2013. Kwa hiyo mwenye kompyuta kuukuu aliyeiwekea Linux ili isimchoshe hana budi kukodi Windows ya mtu, kuandika namba ya pasipoti mbele ya foleni, na kuomba umeme usikatike kabla hajabonyeza kitufe cha kuhakiki.

Fomu inayofunguka nayo ina vituko vyake. Ndugu aliyeko Brussels anamjazia mama yake kwenye Mac, anaona kila kitu kiko sawa, anatuma; karani wa Lubumbashi anaifungua kwenye Windows na kukuta visanduku vitupu. PDF huhifadhi jibu mahali pamoja na sura ya jibu hilo mahali pengine, na programu ikiandika kimoja tu, maandishi hayaonekani. Hapa ipo dawa: faili ihifadhiwe kwanza, isijaziwe ndani ya kivinjari, na ikishajazwa ichapishwe upya kama PDF ili majibu yashikamane na ukurasa. Kwa XFA iliyokataa kufunguka, dawa hiyo haisaidii kitu.

Mwombaji hapaswi kuyajua haya ndipo aombe kazi au shule. Wanaotoa fomu, kiwe chuo, shirika la ufadhili au kampuni ya madini inayoajiri kwa barua pepe, waijaribu kwanza kwenye simu ya kawaida ya Android, na kando yake waweke nakala ya kujazwa kwa kalamu. Na fomu ikiwafikia tupu, wamwandikie mwenyewe kabla ya kulikataa ombi lake.

Msomaji wa Kikula, Likasi