Kumwita Askari Arudi Kwao

Husemwa mara kwa mara kwamba mbunge atakaye majeshi ya nchi yake yarejeshwe kutoka vita vya ugenini ni mwoga, tena ni msaliti wa askari walioko mstari wa mbele. Sisi twaikataa kauli hiyo, na ushahidi twauchukua Marekani kwenyewe.

Tarehe 7 Agosti, 1964, Rais Lyndon Johnson alipotaka ruhusa ya kutumia nguvu huko Vietnam, maseneta 88 waliafiki. Wawili tu walikataa: Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Ruhusa yenyewe iliombwa kwa kisa cha mashambulizi mawili katika Ghuba ya Tonkin, na hilo la pili, lililodaiwa kutokea tarehe 4 Agosti, halikutokea kamwe! Hata hivyo, mwaka 1968 ni Morse na Gruening walionyimwa viti na wapiga kura wao.

Ndipo akainuka Seneta George McGovern. Mwaka 1970 yeye na mwenziwe Mark Hatfield walitaka fedha za vita zizuiwe, na askari wote wawe wamerudi kabla mwaka 1971 haujaisha. Tarehe 1 Septemba aliwaambia maseneta usoni kwamba kila mmoja wao anabeba sehemu ya dhamana ya vijana waliotangulizwa kaburini. Hoja ikaanguka kwa kura 55 dhidi ya 39. Je, huyu naye alikuwa mwoga? Katika Vita Kuu ya Pili McGovern alirusha ndege ya mabomu juu ya Ulaya mara 35. Waoga, kama wapo, na tuwatafute kwingine.

Majeshi yaliondoka Machi 1973, Wamarekani zaidi ya 58,000 wakiwa wamepotea katika vita hivyo, na Wavietnam zaidi ya milioni moja.

Nasi wa upande huu wa dunia twavijua vita visivyo na wa kuvihoji. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, ni la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Hapakuwa na baraza lolote ambamo mtu angesimama kuuliza wapagazi wale wanapelekwa wapi, na watarudishwa lini. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na walio wengi hawana kaburi lenye jina.