Paka Miguuni pa Mgonjwa

Muuguzi wa tiba shufaa anapobisha hodi kwa mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, huwa na maswali aliyoyazoea. Maumivu yako wapi na yana ukali gani? Morfini inanywewa kwa saa zake? Choo kinapatikana? Usingizi je? Muda ukiruhusu, huuliza pia habari za dini: mgonjwa angependa padri, mchungaji au shehe aitwe? Yote hayo ni ya lazima. Lakini ni nadra muuguzi huyo kuuliza habari za paka aliyejikunja miguuni pa mgonjwa, au za ng'ombe wanaolia zizini, hatua chache kutoka kitandani.

Pengo hilo si dogo. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, nafsi, jamii na roho kwa pamoja. Anne Merriman aliufuata msingi huo alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kueneza morfini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake. Hata hivyo, katika utendaji wa kila siku, neno "roho" limebanwa likabaki na maana ya dhehebu. Mgonjwa husali, ndiyo. Lakini pia amefuga.

Mzee mfugaji wa Kimasai au wa Kigogo hana ng'ombe kama mtu alivyo na akiba benki. Anawajua mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Anajua yupi alitoka katika mahari ya binti, na yupi alizaliwa mwaka wa ukame. Mzee wa namna hiyo akilazwa mjini, akawa hatulii usiku, anavuta mrija wa dripu na kudai arudishwe nyumbani, huandikwa kwamba amechanganyikiwa. Pengine amechanganyikiwa kweli, na sababu za kitabibu zichunguzwe kwanza: upungufu wa maji, maambukizi, kufunga choo, mkojo kuziba, kipimo cha dawa. Lakini pengine anataka tu kuwaona ng'ombe wakirudi jioni, na hakuna aliyemwuliza.

Kwa paka mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2007 daktari David Dosa aliandika katika New England Journal of Medicine habari za Oscar, paka wa nyumba ya kulelea wagonjwa mjini Providence, Marekani, aliyekuwa na tabia ya kupanda kitanda cha mgonjwa aliyebakiza saa chache na kulala ubavuni pake. Wauguzi walipomwona hapo, waliwapigia ndugu simu waje. Kule alihesabiwa kuwa mwenzi wa mgonjwa. Katika vijiji vyetu vingi paka huyohuyo angefukuzwa kwa fimbo, na kama mgonjwa ni bibi kizee mwenye macho mekundu, neno "mchawi" lisingekuwa mbali. Kumnyang'anya mtu paka wake katika siku hizo, tena kwa tuhuma, ni kumwongezea uchungu ambao morfini haiugusi. Hapa shehe aweza kusaidia kuliko daktari: paka si najisi katika sheria ya Kiislamu, na sahaba Abu Huraira anajulikana hadi leo kwa lakabu ya kitoto cha paka.

Haya hayaondoi tahadhari. Mbwa na paka wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Vidonda, hasa vya saratani vilivyo wazi, vifunikwe wala visilambwe. Kinyesi cha paka kizolewe kila siku na mtu mwingine, kwa kuwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu aweza kuambukizwa toksoplazma. Katika nyumba inayochunga twahara, mbwa abaki uani na kitanda kisogezwe dirishani. Tahadhari nayo ipimwe kwa siku zilizobaki: kumtenga mtu na paka wake ili kumkinga na ugonjwa wa miezi ijayo, ilhali amebakiza wiki moja, ni hesabu mbaya.

Swali lenyewe halimalizi hata dakika: "Bibi, huyu nani atamlisha?" Linafaa kuulizwa mbele ya jamaa, kwa maana jibu lake ni ahadi, na wagonjwa wengi huogopa kuliuliza wenyewe wasije wakachekwa. Mjukuu au jirani akikubali kumchukua, jina lake liandikwe katika daftari la mgonjwa, karibu na jina la anayemnywesha dawa. Kwa aliyelazwa wodini, ambako mnyama haingii, simu ya mkononi inatosha: kijana wa nyumbani arekodi ng'ombe wakiingia zizini magharibi, na muuguzi wa zamu ya usiku amwekee mzee sikioni.