Bwawa linalovuja halijazwi kwa ndoo

KILA ifikapo Agosti, hapa kwetu Ulaya (nazungumzia Ulaya ya Kilosa, barabara ya kwenda Mikumi, siyo ile ya wenye baridi) huwa kuna jambo moja linalojirudia. Mabwawa ya samaki yaliyochimbwa nyuma ya nyumba, ambayo wakati wa masika yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, yanaanza kushuka. Mwenye bwawa anaamka asubuhi, anaona mstari wa tope umeongezeka, anakuna kichwa, kisha anatuma watoto kisimani na ndoo.

Nami nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo ninayoyasema hapa siyasemi kwa kuwacheka wenzangu.

Bwawa langu lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Kiangazi cha kwanza nililipa vijana wawili wanichotee ndoo 40 kila siku. Siku moja bibi mmoja jirani, aliyekuwa kwenye foleni ya pampu ya kijiji tangu alfajiri, akaniita. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hivi hao samaki wako wanakunywa maji kuliko wajukuu zangu?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu.

Ndugu msomaji, fanya hesabu pamoja nami. Bwawa la mita 15 kwa 10 lina eneo la mita za mraba 150. Maji yakishuka sentimita moja tu, umepoteza lita 1,500, yaani ndoo 75 za lita 20. Bwawa langu lilikuwa linashuka sentimita tatu kwa siku, sawa na ndoo 225. Ndoo zangu 40 ni lita 800, zinapandisha maji kwa nusu sentimita na ushee. Nusu sentimita hiyo, katika kiangazi cha kwetu chenye upepo na jua kali, huondoka na jua peke yake hata kama bwawa halivuji. Kwa maneno mengine, nilikuwa nalipa vibarua kuliongezea jua maji ya kunywa, na bwawa langu linaendelea kuvuja kama kawaida.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti moja, jua kwanza ni kiasi gani kinachukuliwa na jua na kiasi gani kinapotea ardhini. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Chukua ndoo, ijaze maji karibu na ukingo, isimamishe ndani ya bwawa sehemu ya kina kifupi, weka jiwe ndani yake isielee. Weka alama kwenye ndoo maji yalipofika, na alama nyingine kwenye kijiti ulichokisimika bwawani. Usiongeze maji. Baada ya siku mbili pima zote mbili. Kilichopungua ndani ya ndoo ni cha jua. Bwawa likiwa limepungua kuliko ndoo, ile tofauti ndiyo mvujo wako. Kama hakuna tofauti, acha kumlaumu fundi, hilo ni jua na hakuna fundi wa jua.

Jambo la pili ambalo wengi hatulijui ni kwamba kadiri maji yanavyokuwa na kina zaidi ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu zaidi kwenye sakafu na kuta. Ukilijaza pomoni bwawa linalovuja, unaliongezea kasi ya kuvuja. Afadhali uliache lishuke, lakini ulichunge. Kila asubuhi chomeka kijiti maji yalipofika. Kama bwawa linashuka haraka halafu ghafla linatulia, basi tundu liko kwenye ukuta pale pale lilipotulia, au juu kidogo. Likiendelea kushuka bila kutulia, tatizo liko sakafuni au kwenye bomba la kutolea maji.

Zunguka na nje ya ukuta pia. Kiangazi ndicho kinachosema ukweli, maana nyasi zote zimekauka. Ukiona mstari wa majani mabichi chini ya tuta, maji yanapita hapo. Kama yanayotoka ni meupe, una nafasi ya kujipanga. Kama yana tope, shughulikia siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yanaubeba udongo wa ukuta kutoka ndani na tuta linaweza kukatika. Wana Kilosa hatuhitaji kuelezwa sana kuhusu tuta kukatika. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulipita kwenye tuta lake na maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Bwawa la nyuma ya nyumba haliwezi kufananishwa na mto ule, lakini udongo unaoliwa na maji tabia yake ni moja.

Matundu mengi niliyoyaona mimi yanatokana na kaa, panya, vichuguu vya mchwa na mizizi. Miti ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa tunaipanda wenyewe. Mtu anachimba bwawa, kisha anapanda mwembe juu ya tuta apate kivuli. Mzizi ukioza unaacha bomba zuri kabisa la kupitisha maji. Panda ukoka kwenye tuta, miti ipeleke mbali.

Tundu la ukutani usilizibe kwa nje. Maji yatatafuta pembeni yake na kutokea upande mwingine. Punguza maji, chimba ukuta kwa upande wa ndani hadi ulipite lile tundu, kisha rudishia kwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevunyevu, tabaka la sentimita 15 kwa wakati mmoja, ukishindilia kila tabaka mpaka kisigino kisiache alama. Kazi hiyo inachosha, na wengi tukifika tabaka la tatu tunamwaga udongo uliobaki wote kwa mpigo. Ndiyo maana mwaka unaofuata tunarudi pale pale.

Sakafu ikiwa ndiyo inayovuja, wakulima wa mpunga mna elimu tayari ila hamjaitumia. Jaruba linashikaje maji? Linavurugwa. Acha maji kidogo bwawani, mwaga udongo wa mfinyanzi, kisha kanyagakanyaga tope, kwa miguu au kwa ng'ombe, mpaka iwe uji. Chembe laini zinatuama na kuziba vitundu. Udongo ukiwa wa kichanga zaidi, kuna njia ya samadi: ukaushe kidogo tu, tandaza samadi ya ng'ombe kiasi cha sentimita 10, funika na majani ya migomba, juu yake weka udongo na kushindilia, acha wiki mbili tatu kabla ya kujaza. Vile vitu vinapooza bila hewa vinatengeneza utelezi unaoziba. Vifaranga usiviweke mapema hapo, maana maji yatakuwa hayana hewa ya kutosha.

Angalizo kwa wenye udongo mweusi wa mbuga: usiliache bwawa likauke kabisa. Udongo ule ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono mzima, na bwawa lililokuwa zima masika litakuwa chujio vuli.

Sasa nije kwenye nailoni, maana najua wafanyabiashara wenzangu wananisubiri hapo. Sina ugomvi nayo. Kwa bwawa dogo lililochimbwa kwenye kichanga, inaweza kuwa njia pekee. Ninachokipinga ni kuuziwa nailoni mtu ambaye hajapima hata kwa ndoo. Jirani mmoja alitandika, akaacha kingo zikipigwa na jua bila kufunikwa udongo, kambale na majembe yakafanya yao, mwaka wa pili ikawa imepasuka. Alitumia fedha za msimu mzima wa ufuta kwa bwawa ambalo, tulipokuja kulichunguza, tundu lake lilikuwa moja tu, pembeni ya bomba la kutolea maji, ambako udongo haukushindiliwa.

Hapa nitofautiane kidogo na baadhi ya wenye miradi yetu. Bwawa likichimbwa kwa sababu fedha za mradi zimefika, bila kuuangalia udongo, lawama anaachiwa mkulima. Kuangalia udongo ni kazi ya siku moja. Chimba shimo la kina cha mita moja, lijaze maji asubuhi, jioni yakiwa yameshuka ongeza tena, funika kwa majani, kesho yake angalia. Kama maji mengi yamo, chimba bwawa. Kama yameisha, panda alizeti. Au lowesha udongo kiganjani, finyanga donge, lirushe juu kidogo na ulidake. Likisambaratika, hapo si pa samaki.

Wapo wanaokimbilia kando ya mto Miyombo kwa kuwa udongo wa huko unashika. Nao wajue kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kwamba kuchepusha maji ya mto kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu chini ya sheria ya maji ya 2009. Kwetu sisi kibali si karatasi tu. Maji unayoyachepusha Septemba yana mtu anayeyasubiri kule chini, mwenye bustani au mwenye mifugo, na sote tunajua ugomvi wa maji unavyoanza.

Swali linalobaki ni la samaki waliomo bwawani wakati maji yanashuka. Maoni yangu ni kwamba bwawa la nyuma ya nyumba lifuate msimu kama shamba lingine lolote. Weka vifaranga vya perege masika, lisha pumba na mashudu, vua kuanzia Septemba kabla kina hakijawa kifupi. Perege aliyetunzwa vizuri miezi sita anafaa kuingia sokoni, na ukichelewa wanazaana na kujaza bwawa vidagaa visivyonunulika. Ukiwaona asubuhi wanahema juu ya maji, acha kuwalisha na acha kuweka samadi, vua siku hiyo. Wakubwa uza, wachache wa mbegu wabakize kwenye kona iliyochimbwa kina zaidi.

Maji yanayobaki yana mbolea, yamwagilie kwenye mchicha na nyanya. Na ule mvujo ulioshindikana kuziba, panda mboga chini yake. Mimi nina matuta manne ya sukuma wiki chini ya ukuta wa magharibi, ambako nimeziba mara mbili bila mafanikio. Yule bibi jirani huja kuchuma hapo jioni. Vijana wa ndoo niliwaachisha kazi, na mwaka huu nitawaita tena Oktoba, bwawa likiwa chini, waje na majembe kuuvunja ukuta ule na kuujenga upya.