Utafiti wa hewa usiishie ukumbini

Moshi wa matatu unaouvuta kila asubuhi hujadiliwa katika makongamano ya wanasayansi. Huko wataalamu huonyesha ramani zilizokadiriwa na kompyuta kwa kuzingatia upepo, magari na viwanda, maana mitambo ya kupima hewa haipo kila mtaa. Ni kazi nzuri, lakini kadirio lisilolinganishwa na vipimo halisi ni sawa na ramli.

Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kikomo cha vumbi laini, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo. Takwimu hizo zitamfaa nini mama muuza mboga kando ya barabara asipoambiwa ni saa ngapi moshi huzidi?

Mtaalamu akirudi kutoka kongamanoni, muulize. Mapafu ni yako.